Kristin Armstrong: mwanamke aliyekimbizana na saa mara tatu, na mara tatu akaishinda

Leo naomba tuongelee baiskeli.

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali, Septemba 2025 (mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika), kuna swali nimekuwa nikiulizwa kila mara kijiweni: "Hivi wale wanawake waliokuwa wanatoka mmoja mmoja, walikuwa wanashindana na nani?" Swali hili ni la msingi jamani, maana aliyezoea kuona kundi zima likiondoka kwa filimbi moja, akimwona mtu yuko peke yake barabarani anatweta, lazima ajiulize.

Jibu fupi: walikuwa wanashindana na saa. Jibu refu ndilo nataka kulitoa hapa, na nitalitoa kupitia kwa mtu mmoja, Mmarekani anayeitwa Kristin Armstrong. Mwanamama huyu ameshinda mbio hizi kwenye Olimpiki tatu mfululizo: Beijing 2008, London 2012 na Rio 2016. Ile ya tatu aliichukua akiwa amebakiza siku moja tu kutimiza miaka 43. Kabla hamjaniuliza: hana undugu na Lance Armstrong, yule aliyenyang'anywa mataji yake ya Tour de France kwa ajili ya dawa. Ni majina tu yamegongana.

MBIO ZENYEWE ZIKOJE?

Mnaenda kwenye jukwaa dogo lenye mteremko, mmoja baada ya mwingine, mnaachana dakika moja au moja na nusu. Anayehesabu anakuhesabia kurudi nyuma, ikifika sifuri unashuka jukwaa, na saa yako imeanza kutembea. Unapita njia ile ile wanayopita wenzako. Mwenye muda mdogo kuliko wote ndiye bingwa. Kwa kawaida wale wanaotegemewa kushinda wanatoka mwishoni, ndiyo maana unaweza kumwona mtu ameketi kwenye kiti cha anayeongoza nusu saa nzima, halafu anakuja mwingine anamwinua.

Sasa ugumu uko wapi? Ugumu ni upepo. Aliyewahi kuendesha baiskeli nyuma ya lori anajua ninachosema. Ukijibanza nyuma ya kitu unavutwa kama bure vile, lakini ukijitokeza pembeni unahisi mtu amekushika kifua. Mtu akiwa kwenye mwendo wa kilometa 40 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa kabisa ya nguvu zake inaishia kusukuma hewa. Na hewa haina huruma: ukitaka kutoka 40 kwenda 44, yaani kuongeza mwendo kwa asilimia 10 tu, nguvu za kuisukuma hiyo hewa zinapanda kwa karibu theluthi moja!

Kwenye mbio za kundi, mjanja anajificha nyuma ya wenzake kilometa 100, akatokeza mita 200 za mwisho. Kwenye mbio za saa hakuna wa kujificha nyuma yake. Hata ukimkamata aliyekutangulia, sheria inakukataza kumkalia nyuma, unampita kwa kuacha nafasi pembeni. Ndiyo maana zile baiskeli zao zina sura ya ajabu: gurudumu la nyuma limezibwa kama sahani halina spoku, usukani una pembe mbili za kulalia mikono, kofia imechongoka, nguo zimebana. Vyote hivyo ni kwa ajili ya kuidanganya hewa.

Lakini kuna kitu kingine kisichoonekana kwenye TV, nacho ni hesabu. Ukitoka kwa pupa, dakika ya kumi miguu imejaa asidi na umekwisha. Ukitoka kwa kujihurumia, unafika mwisho una akiba ya nguvu ambayo haina kazi tena. Inabidi uzigawe nguvu zako kama mtu anayegawa mshahara, mwisho wa mwezi usibaki na deni wala chenji. Mlimani unatumia zaidi, maana pale kila sekunde ya juhudi inalipa. Kwenye mteremko mkali unapumzika, maana hata ukikanyaga sana huongezi kitu cha maana. Hapo ndipo Kristin Armstrong alipowazidi watu.

ALIANZA KWA KUUMWA

Amezaliwa tarehe 11 Agosti 1973. Kwanza alikuwa muogeleaji na mkimbiaji. Chuo Kikuu cha Idaho alisomea fiziolojia ya mazoezi, yaani namna mwili unavyofanya kazi mtu akiwa mazoezini, akamaliza 1995. Baadaye akaingia triatloni, ule mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila kupumzika. Mwaka 1999 alifika mpaka Ironman ya Hawaii, ambayo ndiyo kama Makka ya mchezo huo.

Mwaka 2001 madaktari wakamwambia nyonga zote mbili zimelika. Ni ule ugonjwa wa viungo ambao kwa kawaida tunauona kwa bibi na babu zetu, na yeye alikuwa hata miaka 30 hajafika. Kukimbia basi. Wangapi wangeishia hapo? Yeye akaangalia katika michezo yake mitatu ni upi hautwangi nyonga, akabaki na baiskeli. Yaani mchezo uliompa dhahabu tatu aliuchagua kwa sababu ule alioupenda ulikuwa umefungiwa mlango.

Hakuchelewa. Mwaka 2004 alikuwa bingwa wa Marekani wa mbio za barabarani na akaenda Olimpiki ya Athens, akamaliza wa 8 kwenye mbio za kundi. Mwaka 2005 akapata shaba ya dunia ya mbio za saa kule Madrid. Mwaka 2006, Salzburg, akawa bingwa wa dunia. 2007 akapata fedha. Mpaka hapo dunia ilikuwa imeshamjua.

DHAHABU TATU, NJIA TATU TOFAUTI

Wengi wanasoma tu "dhahabu tatu" wanapita. Lakini hebu tuzitazame moja moja, maana hazifanani hata kidogo.

Beijing, tarehe 13 Agosti 2008. Njia ilikuwa eneo la Ukuta Mkuu wa China, kilometa 23.5, na sehemu kubwa ya mwanzo ni kupanda kisha ndiyo mnateremka. Huko nyuma, kabla ya michezo, Armstrong alikwenda China kuipita njia yenyewe akiwa na kifaa cha GPS kinachorekodi kila mwinuko. Akarudi nayo nyumbani Boise, jimbo la Idaho, akatafuta barabara ya mlima inayofanana nayo, akaifanya darasa lake. Siku ya mtihani mwenzetu alikuwa ameshaufanya mara nyingi! Alitumia dakika 34 na sekunde 51.72, akamwacha Emma Pooley wa Uingereza kwa sekunde 24.29.

Mwaka 2009 akachukua tena ubingwa wa dunia kule Mendrisio, Uswisi, kisha akatangaza kustaafu. Septemba 2010 akajifungua mtoto wa kiume. Watu wakasema basi, hadithi imeisha. Wapi! Akarudi.

Mei 2012, ikiwa imebaki kama miezi miwili kabla ya London, akaanguka kwenye mashindano ya pale pale kwao Boise na kuvunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Kwa mwendesha baiskeli wa saa hiyo ni balaa, kwa sababu ule mkao wa kulala juu ya usukani unaubebesha mzigo mfupa huo huo. Akafanyiwa upasuaji, akarudi mazoezini. Tarehe 1 Agosti 2012, kwenye njia ya tambarare ya kilometa 29 iliyoanzia na kuishia Hampton Court, alitumia dakika 37 na sekunde 34.82. Ukipiga hesabu ni wastani wa kilometa 46 kwa saa, kwa miguu ya mama wa miaka 38. Judith Arndt wa Ujerumani, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, akabaki nyuma sekunde 15.47.

Akastaafu tena. Akarudi tena 2015!

Rio, tarehe 10 Agosti 2016. Mvua, lami inateleza, vilima vya Grumari, karibu kilometa 30. Alitumia dakika 44 na sekunde 26.42. Alipovuka mstari alianguka chini, pua inatoka damu, hajui kama ameshinda au la. Alikuwa ameshinda. Olga Zabelinskaya wa Urusi alikuwa nyuma yake kwa sekunde 5.55, na Anna van der Breggen wa Uholanzi, aliyekuwa ameshinda mbio za kundi siku tatu kabla, akawa wa tatu.

Sasa wadau, hebu zipangeni zile sekunde: 24, kisha 15, kisha 5. Mnaona kinachotokea? Pengo linapungua kila Olimpiki. Umri ulikuwa unamfukuza kwa nyuma, na yeye kila baada ya miaka minne alikuwa anatoroka kwa nafasi ndogo zaidi. Kwa mwendo wake wa Rio, sekunde 5.55 ni kama mita 60. Mita 60 ndani ya kilometa 30! Kona moja ukiogopa mvua ukashika breki mapema, dhahabu imeondoka.

KWA NINI WENGI WAO NI WATU WAZIMA?

Hili nalo linashangaza wengi. Mbio fupi za kufyatuka zinataka ujana. Mbio za saa zinataka moyo na mapafu yaliyojengwa kwa miaka mingi, pamoja na akili ya kujua mwili wako unaweza kuvumilia nini kwa dakika 40. Vitu hivyo havinunuliwi.

Mifano iko mingi. Siku ile ile ya Beijing 2008 Mfaransa Jeannie Longo alikuwa wa 4, akaikosa shaba kwa chini ya sekunde 2, na alikuwa na miaka 49. Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alichukua dhahabu ya mbio hizi Tokyo, Julai 2021, akiwa na miaka 38. Na Kigali 2025 aliyeshinda ni Marlen Reusser wa Uswisi, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 34. Reusser ni daktari kitaaluma, amefanya kazi hospitali kabla ya kuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa. Aliyekuwa wa pili Kigali mnamjua ni nani? Ni yule yule Anna van der Breggen wa shaba ya Rio! Naye alishastaafu mwaka 2021, akarudi mwaka 2025, na pale Kigali alikuwa na miaka 35. Kwa hiyo waliosimama barabarani Kigali siku ile walimwona kwa macho mtu aliyesimama jukwaani na Kristin Armstrong.

HELA JE?

Najua mnataka kujua. Armstrong alitamba katika kipindi ambacho mwanamke wa baiskeli hakuwa na kima cha chini cha mshahara. Shirikisho la kimataifa, UCI, lilikuja kuweka kima hicho kwa timu za wanawake za daraja la juu mwaka 2020, kikiwa euro 15,000 kwa mwaka, na kufika 2023 kilikuwa kimevuka euro 32,000. Zamani ilikuwa ni mapatano yako na bahati yako. Armstrong alikuwa na ajira hospitalini pale Boise huku akijiandaa na Olimpiki. Amka alfajiri, fanya mazoezi, nenda ofisini, rudi kwa mtoto. Timu alizochezea miaka ile zilikuwa na majina yanayojieleza: mwaka 2012 ilikuwa Twenty12, mwaka 2016 Twenty16. Yaani kila kitu kilielekezwa kwenye siku moja ya Agosti.

Na hata urefu wa mbio zenyewe haukuwa sawa. Rio wanaume walikwenda karibu kilometa 55 na wanawake karibu 30. Paris 2024 ndipo wote walipopewa njia moja ya kilometa 32.4, na upande wa wanawake akashinda Grace Brown wa Australia.

JAMBO LENYE UBISHI

Hapa ndipo nataka tusikilizane, maana sifa tupu hazisaidii.

Marekani ilikuwa na nafasi mbili za mbio za saa kwa wanawake kule Rio. Shirikisho lao likampa moja Armstrong na nyingine Evelyn Stevens, ambaye mapema mwaka huo alikuwa ameweka rekodi ya kwenda umbali mrefu zaidi ndani ya saa moja. Walioachwa hawakukubali. Carmen Small, ambaye ndiye alikuwa bingwa wa taifa wa mbio za saa mwaka huo huo wa 2016, na Amber Neben, bingwa wa dunia wa 2008, walipeleka malalamiko mbele ya msuluhishi. Wakashindwa.

Jiweke kwenye nafasi ya Carmen Small. Umewashinda wenzako wote nchini mwako mwezi Mei, halafu unaambiwa anaenda mtu ambaye amestaafu mara mbili na anakaribia miaka 43. Ungelala usingizi? Shirikisho nalo lilikuwa na hoja yake: hatupeleki aliyeshinda mbio za hapa nyumbani, tunapeleka tunayeamini atarudi na medali. Na alirudi nayo, tena ya dhahabu. Wengi wakasema, mnaona, kesi imefungwa.

Lakini haikufungwa. Oktoba 2016, miezi miwili tu baada ya Rio, yakaja mashindano ya dunia kule Doha, Qatar. Nani alishinda mbio za saa? Amber Neben! Yule yule aliyeachwa nyumbani, akiwa na miaka 41, akawa bingwa wa dunia kwa mara ya pili. Kwa hiyo dhahabu ya Armstrong haikuthibitisha kwamba walioachwa hawafai. Ilithibitisha tu kwamba aliyechaguliwa anafaa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mara nyingi sisi mashabiki tunayachanganya.

Mimi msimamo wangu ni huu. Saa ni mwamuzi wa haki kuliko wote, haina kabila, haina rafiki, haiangalii una miaka mingapi wala kama una mtoto. Lakini saa inaanza kuhesabu ukishafika kwenye lile jukwaa. Nani anapanda jukwaani, hilo linaamuliwa na watu waliokaa mezani, na watu si saa. Kwa hiyo vigezo viandikwe mapema, viwekwe wazi, kila mtu avisome kabla ya msimu kuanza. Hapo hata atakayeachwa ataumia, lakini atajua ameachwa na nini.

Baada ya Rio Armstrong hakuondoka kwenye mchezo. Aligeuka kocha, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Chloé Dygert, Mmarekani mwenzake, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa mbio za saa mwaka 2019 kule Uingereza kwa kumwacha wa pili zaidi ya dakika moja na nusu. Dakika na nusu! Kwenye mbio hizi hiyo ni sawa na kushinda mpira mabao saba.

Ninachojifunza mimi, kijana niliyeishia kidato cha nne na ninayeambiwa kila siku kwamba muda wangu unapita, ni kwamba yule mama hakuwa na mwili bora kuliko wote. Nyonga mbovu, mtulinga uliovunjika, umri mkubwa, kazi ya ofisini. Alichokuwa nacho ni kuijua njia yake kabla hajafika na kujua nguvu zake zinatosha wapi. Saa nyingine hicho kinatosha, kwa sekunde tano.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe ndiye unachagua timu ya 2016, ungempeleka nani? Bingwa wa taifa wa mwaka ule, au mama wa dhahabu mbili aliyerudi kutoka kustaafu? Tiririkeni hapo chini, ila bila matusi tafadhali. Na kwa mliokuwepo Kigali mkaziona mbio zile kwa macho, tupeni habari: pale kwenye vilima mliona nini?

Tuko pamoja.